Anaimba Wimbo Mzima, Lakini Hasemi "Nipe Maji"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini. Binti yangu yuko darasa la kwanza na hana shida. Ninayekuandikia habari zake ni mdogo wake wa kiume, ana miaka miwili na miezi minane. Maneno yake yanayoeleweka hayafiki kumi: mama, baba, "ai" kwa maji, hapana, paka, na mengine ambayo tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Watoto wa rika lake hapa mtaani wanashtaki, wanasimulia, wanajua hadi kusingizia. Yeye akitaka kitu hunishika mkono akanivuta mpaka kwenye mtungi wa maji, akaonyesha kwa kidole, kisha akanitazama usoni. Nikimpa kikombe anatabasamu. Nikichelewa analia.

Mdogo wangu wa kiume anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dodoma. Alipokuja likizo alituonyesha programu ya akili mnemba inayotunga nyimbo. Unaandika unachotaka, na kabla hujamaliza kukunja nguo mbili wimbo umeshakuja, na vinanda vyake na mwimbaji wake. Akamtungia mpwa wake nyimbo za matunda, wanyama na viungo vya mwili, na jina la mtoto limo ndani. Mtoto alizipenda sana. Huu wa matunda ndio kipenzi chake:

Embe tamu lang'ara juani,
Ndizi mbivu yacheka mezani,
Chungwa laleta raha shambani,
Furaha tele moyoni.

Mahadhi yote anayajua. Anaimba kwa "mmm" tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mstari ukimalizika anatoa "ni!" kwa nguvu na kucheka. Mjomba wake anasema hiyo ni dalili kwamba ulimi unafunguka, tuzidishe nyimbo. Lakini nikimshikia embe mkononi nikamuuliza hiki nini, ananyamaza. Halafu simu sasa imekuwa vita. Nikiichukua anajitupa chini.

Mama mkwe wangu tunaishi naye. Ni Msambaa wa Lushoto na humsemesha mtoto kwa Kisambaa. Mtoto anashika neno moja moja kwake pia. Zamani alikuwa anasema baba yake naye alichelewa kuongea. Siku hizi amegeuka, anasema mtoto ana kimeo na yupo mzee anayekata. Jirani naye anasema si kimeo, ni udata. Mume wangu ni dereva wa lori, akirudi anasema tusubiri tu, ataongea. Na kwenye kundi letu la kina mama la WhatsApp kuna mtu anauza nyimbo 50 za akili mnemba kwa shilingi 30,000, anasema zinafungua ulimi na kutibu usonji.

Jambo jingine, mwimbaji wa zile nyimbo hatamki kama sisi. Jina la mwanangu analitamka kama mgeni aliyeshuka jana. Naogopa mtoto asije akajifunza Kiswahili cha mashine.

Alipozaliwa alipata manjano, akalazwa kwenye taa. Na akipata mafua sikio moja hutoka usaha. Sijui kama yanahusu, mdogo wangu ndiye aliyeniambia nisiache kitu.

Niendelee na nyimbo au niache? Nizinunue hizo nyingine? Na kimeo nifanyeje?

Mama wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Mshukuru mdogo wako kwa kukuambia usiache kitu, maana manjano na usaha ndiyo mambo mawili yaliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine. Kabla ya wimbo wowote, mpeleke mtoto akapimwe masikio.

Najua jibu utakalonipa: anasikia, kwani muziki ukipigwa anacheza. Wazazi wengi sana wanatulia hapo, na miezi inapita. Lakini usikivu hauko kwa kusikia au kutosikia tu. Mtoto anaweza kuipata ngoma na besi vizuri, akafuata mahadhi bila kukosea, na wakati huohuo sauti nyembamba kama za s, f na sh zisimfikie. Huyo utamwona anacheza, anaimba kwa "mmm", na maneno yenyewe hayashiki. Manjano yakiwa makali kwa mtoto mchanga yanaweza kudhuru usikivu. Usaha unaorudi kila mafua nao ni dalili kwamba sikio la kati linaugua mara kwa mara, na maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio usikivu hushuka kwa muda, kisha hupanda, kisha hushuka tena. Katika umri wa kujifunza kuongea, muda huo unampotezea mengi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mwanao. Nasema hakuna anayeweza kukuhakikishia kuwa sivyo mpaka apimwe.

Nenda hospitali ya Bombo na kadi yake ya kliniki, eleza habari ya manjano na ya usaha bila kufupisha, uombe kuonana na anayehusika na masikio, pua na koo. Kumulika sikio kwa tochi ni kuliangalia tu, bado hajapimwa usikivu. Omba kipimo cha usikivu cha mtoto mdogo, na kama hapo hakipatikani, omba rufaa: KCMC Moshi wana idara ya masikio, na Muhimbili pia. Mtu akikukatisha tamaa kwa kusema masikio hayana dawa hapa nchini, mwambie Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio mwaka 2017. Inawezekana mwanao hahitaji chochote cha ukubwa huo, labda ni dawa ya sikio na ufuatiliaji. Lakini lazima ijulikane.

Mumeo anasema tusubiri. Ninamwelewa, anatoka safari amechoka na anataka kuona nyumbani mambo ni shwari. Ila mwambie hivi: mtoto wa miaka miwili kwa kawaida ameanza kuunga maneno mawili, "mama njoo", "taka maji". Wa miaka miwili na miezi minane mwenye maneno yasiyofika kumi amechelewa kiasi cha kuonwa na mtaalamu. Wapo wanaochelewa wakaja kuongea vizuri bila msaada, ni kweli, na labda baba mtu alikuwa mmoja wao. Tatizo ni kwamba huwezi kumtambua huyo kwa macho leo. Kumpima hakumzuii kuongea kesho.

Sasa pokea na habari njema, na uliiandika wewe mwenyewe bila kuipa uzito. Anakuvuta, anaonyesha kwa kidole, kisha anakutazama usoni. Kidole kile ni sentensi kamili ya mtoto ambaye bado hajapata maneno. Anajua kwamba wewe unaweza kumsaidia, anajua unatakiwa kutazama anachotazama yeye. Mtoto asiyeonyesha kwa kidole, asiyegeuka akiitwa jina, asiyetafuta macho ya watu, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo apelekwe kwa daktari mara moja. Mwanao kwa maelezo yako hayuko hapo, ingawa mtaalamu ndiye atakayesema kwa uhakika.

Kimeo, hapana. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakizuii mtoto kuongea, na kukikata kwa wembe au kwa chombo cha mzee yeyote kunaleta damu isiyokatika, maambukizi, na watoto wamepoteza maisha kwa jambo hili. Udata ni kitu kingine, upo kweli: utando wa chini ya ulimi unakuwa mfupi na ulimi haunyanyuki vizuri. Huo unaweza kuharibu utamkaji wa sauti fulani, kama r na l, lakini haumnyimi mtoto maneno. Mwenye udata atasema "embe" kwa namna yake, hatanyamaza. Daktari atamtazama ulimi siku hiyohiyo mtakayokwenda, na kama kuna cha kufanya kitafanywa hospitalini.

Tuje kwenye nyimbo.

Nimefundisha watoto wa chekechea miaka mingi na sijawahi kuona darasa lisiloimba. Wimbo unarudia maneno bila kumchosha mtoto, unayapunguza mwendo, unayapa mahali pa kudumu ili ajue lipi linafuata. Kwa hiyo siko upande wa wanaosema futa programu. Mjomba amefanya jambo jema. Lakini hebu tazama mwanao ameokota nini kwenye ule wimbo wa matunda. Ameokota "ni". Juani, mezani, shambani, moyoni. Amefanya kazi yake sawasawa kabisa: amesikiliza mwisho wa mstari, kwa sababu mwisho ndio unaovutwa, ndio unaorudi, na ndio unaofuatiwa na kimya kidogo cha mwimbaji kuvuta pumzi. Embe limewekwa mwanzoni, likapita haraka, likafunikwa na "lang'ara". Programu hizi, na za kutunga mashairi pia, hupenda vina kuliko kitu chochote. Vina hivyo vinampendeza mtu mzima. Mtoto anayetafuta neno lake la kumi hana matumizi na "furaha tele moyoni".

Mwambie mjomba asiiache programu ijitungie maneno. Nyingi kati yake zina sehemu ya kuweka maneno yako mwenyewe. Aandike yeye, au uandike wewe, mistari mifupi, na neno mnalolitaka likae mwisho:

Mama anaosha embe.
Dada anakata embe.
Nani anataka embe?
Tunakula embe!

Wimbo huo hautashinda tuzo, lakini mtoto akiokota mwisho wa mstari atakuwa ameokota embe. Aombe mwendo wa taratibu, sauti moja ya mwimbaji, ala moja au mbili, ngoma zisiifunike sauti. Wimbo mmoja, neno moja au mawili mapya, na mkae nao mpaka uzoeleke. Nyimbo 50 kwa mpigo hazina maana kwa umri huu. Mtoto anajifunza kwa kurudia, na kila wimbo mpya unaondoa nafasi ya kurudia wa jana.

Halafu chagua maneno yenye kazi. Majina ya matunda na wanyama ni mazuri, lakini simba hatakutana naye jikoni. Nipe, tena, basi, njoo, toka, bado, mimi, hii, maji, fungua: haya ndiyo yatakayompunguzia kilio, maana kila moja linamletea kitu papo hapo.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Simu haimsubiri mtoto. Wimbo ukishasema embe unaendelea kwenye ndizi, awe amejaribu au hajajaribu. Haumuoni akifungua mdomo. Haujui kwamba alikuwa anakaribia. Mtoto anayejifunza kuongea anahitaji mtu wa kumwachia zamu yake, akae kimya, amtazame, angoje. Wewe unaweza, mama mkwe wako anaweza, dada yake wa darasa la kwanza anaweza. Programu kwa sasa kazi yake iishie kwenye kukupa mahadhi.

Kuna utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 2003 na Patricia Kuhl na wenzake, ambao huwa nauelezea kila nikipata nafasi. Walichukua watoto wa miezi tisa kutoka nyumba zinazoongea Kiingereza tu. Kundi moja lilicheza na watu waliokuwa wakiwasomea na kuongea nao Kichina, mara 12. Kundi jingine likapewa watu walewale na maneno yaleyale, lakini kwa video au kwa sauti ya kurekodiwa. Wale waliokaa na watu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa video na wa kurekodi hawakupata kitu, ingawa walitazama na kusikiliza. Mtoto mdogo hajifunzi sauti za lugha kwa kumwagiwa masikioni tu. Anataka mtu anayemjibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Sikiliza wimbo wa mjomba wewe mwenyewe, ukiwa unapika au mtoto akiwa amelala, mpaka uushike. Kisha weka simu mbali na uimbe wewe. Usijali sauti yako, hakuna sauti duniani mtoto anayoipenda kuliko yako. Mkae mnatazamana, embe la kweli liwe mkononi. Imba "Mama anaosha...", unyamaze. Usimwambie "sema embe". Nyanyua nyusi, mtazame kama mtu anayesubiri habari nzuri, uhesabu polepole moyoni hadi kumi. Kumi ni ndefu sana ukiwa umenyamaza, utatamani kumsaidia. Usimsaidie. Akitoa "be", au "mbe", au hata akifungua mdomo tu na kunyoosha mkono, lipokee kwa furaha, umalizie "embe!" na umpe kipande hapohapo. Asipotoa kitu, malizia mwenyewe bila kununa na mwendelee. Siku za kwanza huenda asiseme lolote, ni sawa.

Akisema "taka maji" badala ya "nataka maji" usimsahihishe. Watoto wetu huanza hivyo, viambishi vya mbele huja baadaye. Wewe jibu tu, "Ndiyo, unataka maji," umpe.

Ule mtungi wa maji anaokuvutia kila siku ndio darasa lenu. Tungeni wimbo wake, uwe wa kuitikiana, wewe unauliza na yeye anajibu:

Kikombe kiko wapi? Hiki!
Maji yako wapi? Haya!
Nani anataka maji? Mimi!
Mimina, mimina... basi!

Mwanzoni sehemu zote mbili utaimba wewe na dada yake, dada ndiye awe mwitikiaji ili mdogo aone zamu inavyokwenda. Baada ya siku kadhaa mwachieni "mimi" na "basi" peke yake. Ni maneno rahisi ya midomo, na kila mara anapata maji. Wimbo huu uimbwe mtungini tu, usiugeuze wa kulalia. Neno lililozoea kukaa na kitu chake ndilo litakalotoka siku ambayo hakuna anayeimba, na hiyo ndiyo siku tunayoitafuta.

Kuhusu utamkaji wa mashine, sikio lako liko sahihi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na nyimbo hizi mara nyingi huusukuma mwishoni ili neno litoshee mahadhi, na ng' na gh huziborongaboronga hadi zisitambulike. Hata hivyo usiwe na hofu ya mtoto kuharibikiwa Kiswahili. Anaishi Tanga, anasikia watu kutwa nzima, wimbo mmoja hauna nguvu hiyo. Ninachosisitiza ni kwamba mtoto ambaye bado anatafuta umbo la neno asipewe umbo lililopinda kama la kurudiarudia. Mjomba asikilize kabla ya kutuma. Neno likitoka vibaya, aliandike kwa kulikata silabi na alijaribu tena, au abadilishe mstari. Jina la mtoto, kama programu hailiwezi, liondolewe kabisa. Hapo mahali pake uliite wewe, kwa namna mnayoliita nyumbani.

Vita vya simu vitapungua simu isipokuwa na picha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora. Ikibidi wimbo upigwe, simu ilazwe kifudifudi juu ya kabati, sauti iwe ya kiasi ambacho unaweza kuongea bila kupaza. Asivalishwe vya masikioni, hasa huyu mwenye sikio linalougua. Na usiutumie wimbo kumnyamazishia kilio, maana atajifunza kwamba kulia ndiko kunakoleta simu. Siku mbili tatu za mwanzo atajitupa chini kweli. Mkumbatie, imba mwenyewe, usirudishe simu.

Mama mkwe wako ningependa umtazame upya. Amesema kimeo kwa sababu ana wasiwasi na mjukuu wake na hajui apeleke wapi huo wasiwasi. Mpe kazi. Yeye ana nyimbo za kubembeleza na za kuitikiana za Kisambaa ambazo hakuna programu inayozijua, na anaimba kwa kasi ya mtu, akisimama mtoto anapotaka kucheka. Mwombe amwimbie kila jioni, wapige makofi pamoja au wagonge sufuria. Mwaka 2016 chuo kilekile cha Seattle kilichapisha utafiti mwingine, wa watoto wa miezi tisa waliochezeshwa muziki na wazazi wao kwa kupiga mapigo pamoja, mara 12 kwa mwezi mmoja. Ubongo wao ulionekana kuwa hodari zaidi kuliko wa wenzao waliocheza bila muziki katika kufuata mpangilio wa muziki na hata wa sauti za usemi. Bibi hahitaji kuambiwa hayo ili aanze, ila mumeo akiuliza mtamwambia.

Na asiache Kisambaa. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Utakapokwenda kwa daktari na kuulizwa maneno yake ni mangapi, hesabu na yale ya Kisambaa anayompa bibi yake, kwa sababu neno ni neno. Pengine utakuta yanazidi kumi.

Binti wa darasa la kwanza ni habari nyingine. Yeye lugha anayo, kwa hiyo wimbo wa programu unaweza kumsaidia kukariri silabi au siku za wiki, na anaweza hata kukaa na mjomba wakatunga pamoja, jambo ambalo lina faida kuliko kusikiliza. Sikilizeni kila mstari kwanza, programu hukosea hesabu na huchomeka maneno yasiyokuwepo ili kina kikae sawa. Na akishaimba moja hadi ishirini, mpe maharage ishirini ayahesabu kwa mkono. Kuimba namba na kuhesabu si jambo moja.

Yule anayeuza nyimbo 50 usimpe pesa yako. Kwanza ulichonacho tayari kinatosha. Pili, kusema wimbo unatibu usonji ni uongo unaowaumiza wazazi. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa tiba ya muziki kwa watoto 364 wenye usonji katika nchi 9. Hapo wataalamu waliosomea walikaa na kila mtoto ana kwa ana wakiimba na kupiga ala naye, na bado dalili za usonji hazikupungua kwa kiasi cha kuwatofautisha na watoto waliopata huduma za kawaida tu. Muziki unaweza kumfurahisha mtoto wa namna hiyo, na kumkaribisha kwa watu, nami napenda apewe. Lakini kama watu waliokaa na mtoto chumbani hawakuweza kudai tiba, faili zinazotumwa kwa WhatsApp haziwezi. Hiyo 30,000 itakusaidia nauli ya kwenda kwenye kipimo.

Ukifika hospitali uliza pia kama kuna mtaalamu wa usemi na lugha, au wanamjua aliye karibu. Ni wachache na huenda ukapangiwa tarehe ya mbali, ichukue hivyo hivyo, huku nyumbani mnaendelea na mtungi. Mrekodi kwa simu kipande kifupi akiwa anakuvuta mkono na kuonyesha maji, na kingine akiimba ule wimbo wa matunda, ukamwonyeshe daktari, kwa sababu watoto wengi wakifika chumba cha daktari hunyamaza kabisa. Video hizo zibaki kwako na kwa daktari. Mjomba akitaka kuziweka nyimbo mtandaoni kwa ajili ya wazazi wengine, ni wazo zuri, ila aondoe jina la mtoto na picha yake, na asome masharti ya programu yake, kwa kuwa akaunti za bure mara nyingi haziruhusu wimbo kuuzwa.

Niandikie ukipata majibu ya masikio, uniambie kipimo kilisema nini kwa sikio la kulia na la kushoto. Kama ni maji nyuma ya ngoma ya sikio, tutahitaji kubadilisha namna mnavyokaa mnapoimba, na kama masikio ni mazima tutaongeza maneno.

Shangazi